Monita ya 4K isiyofika Hz zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote aliyeunganisha monita ya 1440p, 4K au 5K, kisha akakuta inaishia 30 Hz au 60 Hz ilhali boksi lake limeandikwa 144. Mara nyingi monita yenyewe ni nzima. Picha hutoka kwenye kadi ya michoro, hupita kwenye poti, kebo, pengine adapta au doki (kifaa cha kuongezea kompyuta poti), ndipo ifike kwenye skrini, na Hz unazopata ni zile zinazomudu kiungo dhaifu kuliko vyote. Majibu mengi hapa yanahusu namna ya kukipata kiungo hicho kabla hujatoa pesa kununua kingine.

## Mambo ya msingi

Hz za monita ni nini, na ni sawa na fremu kwa sekunde?

Hz ni idadi ya mara ambazo monita huchora picha nzima upya ndani ya sekunde moja. Kwenye 30 Hz kila picha hukaa milisekunde 33.3, kwenye 60 Hz hukaa 16.7, kwenye 120 Hz ni 8.3, na kwenye 144 Hz ni 6.9. Ukitoka 30 kwenda 60 utaiona tofauti papo hapo, kipanya kikiacha kurukaruka. Ukitoka 60 kwenda 120, maandishi unayoyasogeza yanaanza kusomeka yakiwa bado yanatembea. Ukitoka 144 kwenda 165 tofauti ni ndogo sana, na sidhani inafaa mtu akose usingizi kwa ajili yake.

Fremu kwa sekunde ni picha ambazo kompyuta imefaulu kutengeneza. Mchezo ukitoa fremu 45, monita iliyowekwa 144 Hz itaendelea kuchora mara 144, ikirudia picha zilezile. Kwa hiyo mchezo unaokwamakwama hauthibitishi kwamba Hz zimeshuka.

Nitajuaje Hz zinazotumika sasa hivi?

Kwenye Windows 11 fungua "Settings", halafu "System", "Display", kisha "Advanced display". Ukiwa na monita zaidi ya moja, hakikisha umechagua ile unayoichunguza; wengi husoma Hz za skrini ya laptopu wakidhani ni za monita ya nje. Kwenye Mac nenda "System Settings", kisha "Displays". Kwenye Linux inayotumia X11, mfumo wake wa zamani wa kuonyesha picha, andika amri ya xrandr: Hz zinazotumika huwekewa alama ya nyota.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha menyu kwenye monita yenyewe, utafute ukurasa wa taarifa. Hapo monita inaeleza ishara inayoipokea hasa, na mimi huamini jibu hilo kuliko la kompyuta. Windows inaweza kuonyesha eneo la kazi la 4K huku kadi ya michoro ikituma 1080p, au kinyume chake. Ndiyo sababu ukurasa wa "Advanced display" una mistari miwili, "Desktop mode" na "Active signal mode". Mistari hiyo ikitofautiana, picha inakuzwa au kupunguzwa mahali fulani njiani.

Kwa nini tatizo hili huzikumba zaidi monita za rezolusheni kubwa?

Kwa sababu ya wingi wa data. Rezolusheni ni idadi ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha. Skrini ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili. Kwenye 60 Hz, kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi, picha ya 4K inahitaji takriban gigabiti 12 kwa sekunde, bado hujahesabu mapengo ya ishara kati ya mstari na mstari. Picha ya 1080p kwa kasi hiyohiyo inahitaji takriban 3 tu.

Hapa ndipo hoja ya "kebo hii ilifanya kazi vizuri kwenye monita yangu ya zamani" inapoanguka. Hata 1080p kwenye 144 Hz ni kama gigabiti 7. Kebo iliyobeba mzigo huo miaka mitano bila tatizo inaweza kushindwa siku ya kwanza ya 4K, na haijaharibika kwa namna yoyote.

Kila aina ya poti inabeba nini?

HDMI 1.4, ya mwaka 2009, inapitisha data halisi ya gigabiti 8.16 kwa sekunde, na kwa 4K inaishia 30 Hz. HDMI 2.0 ya 2013 inafika 14.4, inayotosha 4K kwenye 60 Hz kwa rangi za biti 8. HDMI 2.1 ya 2017 iliinua kikomo hadi gigabiti 48 za ishara nzima, ndipo 4K kwenye 120 Hz kwa rangi kamili ikawezekana kwa HDMI.

Upande wa DisplayPort, toleo la 1.2 lina gigabiti 17.28 za data, na 4K kwenye 60 Hz inapita bila shida. Toleo la 1.4 lina 25.92, linaloenea 4K kwenye 120 Hz kwa biti 8. Ukitaka 144 Hz au zaidi kwenye toleo hilo, picha inabidi ibanwe kwa teknolojia iitwayo DSC, ambayo kadi na monita zote mbili lazima ziijue. DisplayPort 2.1, kwa daraja lake la juu kabisa, inavuka gigabiti 77.

Usiamini namba ya toleo peke yake. Poti inaweza kuuzwa kwa jina la HDMI 2.1 bila kuwa na kasi kamili ya toleo hilo. Tafuta kwenye kitabu cha maelezo mstari unaotaja rezolusheni na Hz za poti hiyo mahususi.

## Nimekwama 30 Hz

Monita yangu ya 4K inakataa kuvuka 30 Hz. Nianzie wapi?

Anza na vitu visivyo na gharama. Namba 30 kwenye 4K karibu inakutajia mkosaji: mahali fulani kwenye mnyororo kuna kitu kinachofanya kazi kama HDMI 1.4, au kuna USB-C inayotumia nusu ya njia zake.

Kwanza, ingia kwenye menyu ya monita. Monita nyingi zina chaguo la toleo la poti, nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye toleo la chini ili zikubaliane na vifaa vya zamani. Jina lake hutofautiana: wengine huandika "HDMI 2.0", wengine "Deep Color", wengine "DisplayPort 1.2" au "1.4". Liweke kwenye toleo la juu, zima monita, uiwashe tena. Hatua hii peke yake hutatua visa vingi sana, na inasikitisha kuona watu wakirudisha monita nzima dukani bila kuigusa.

Pili, badilisha poti. Monita moja inaweza kuwa na poti mbili za HDMI zenye uwezo tofauti. Tatu, ondoa kila kilichopo katikati: doki, swichi, adapta, kebo ya kurefushia. Unganisha moja kwa moja. Hz zikipanda, rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka zishuke tena. Nne, jaribu DisplayPort kama ipo pande zote mbili. Ukifika hapa bado ni 30, soma majibu yanayofuata kuhusu kompyuta, kebo na adapta.

Nina kadi nzuri ya michoro kwenye kompyuta ya mezani, mbona bado ni 30 Hz?

Tazama nyuma ya kompyuta. Poti zilizo karibu na zile za USB na za sauti ni za ubao mama, na hutumia michoro iliyo ndani ya prosesa. Poti za kadi ya michoro ziko chini zaidi, kwa kawaida zimelala katika safu yao. Kebo ikiwa kwenye ubao mama, kadi uliyoinunua haishiriki kwenye mnyororo.

Kosa hili lina uzito zaidi kwa prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 6 hadi cha 10, ambazo HDMI yake ya asili ni 1.4. Hamishia kebo kwenye kadi. Kama huna kadi, tumia DisplayPort ya ubao mama.

Nitajuaje kama kebo ndiyo tatizo?

Kebo dhaifu huonyesha moja ya tabia hizi: chaguo la Hz kubwa halionekani au halishiki, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili kisha inarudi, au vinametanameta vidogo vinatapakaa kwenye picha, hasa sehemu zenye giza. Shusha Hz kwa hatua moja. Dalili zikitoweka kabisa kwenye 60 na kurudi kila unapopandisha 120, una sababu nzuri ya kuishuku kebo.

Kwa HDMI, angalia daraja la uthibitisho badala ya namba ya toleo. Kebo iliyothibitishwa kwa gigabiti 18 huitwa Premium High Speed, na ya gigabiti 48 huitwa Ultra High Speed. Boksi lake huwa na lebo yenye msimbo wa kuskani. Kwa DisplayPort, tafuta kebo iliyothibitishwa na VESA, shirika linalosimamia DisplayPort, kwa daraja la DP8K au la juu zaidi.

Urefu nao ni adui. Kebo ya kawaida ya shaba inayobeba 4K kwenye 120 Hz ni salama zaidi ikiwa ya mita mbili au chini. Ukihitaji mita kumi, nunua ya nyuzi za mwanga, na uichomeke kwa mwelekeo ulioandikwa kwenye vichwa vyake, kwa kuwa hupitisha picha upande mmoja tu. Bei kubwa na vichwa vya dhahabu haviongezi Hz hata moja.

Natumia adapta. Kuna tatizo gani?

Inategemea inageuza nini kwenda nini. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita ni rahisi, lakini adapta za bei ndogo mara nyingi huishia 4K kwenye 30 Hz. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita kunahitaji adapta yenye chipu ya kugeuza ishara, ambayo kwa kawaida hupata umeme kupitia waya wa USB. Adapta iliyotengenezwa kwa mwelekeo mmoja haifanyi kazi ukiigeuza, hata kama vichwa vinaingia.

Vitovu vidogo vya USB-C vyenye poti ya HDMI ni chanzo kingine kikubwa cha 30 Hz. Soma maandishi madogo: "4K" bila Hz kutajwa kwa kawaida inamaanisha 30.

Monita yangu inaunganishwa kwa USB-C moja kwa moja, hakuna adapta, na bado ni 30 Hz.

Kebo ya USB-C ina njia nne za kasi. Zote zikipewa picha, 4K kwenye 60 Hz inapita. Lakini monita yenye poti za USB za ziada inaweza kuchukua njia mbili kwa ajili ya data ya kasi na kuiachia picha mbili tu. Kama kompyuta yako inatuma kwa kiwango cha DisplayPort 1.2, njia mbili ni gigabiti 8.64, na hapo 4K inashuka hadi 30 Hz.

Kwenye menyu ya monita tafuta chaguo la USB-C linalokutaka uchague kati ya rezolusheni kubwa na kasi kubwa ya data. Chagua rezolusheni. Diski ya nje na kamera zilizochomekwa kwenye monita zitarudi kasi ya USB 2.0, kwa hiyo diski ihamishie kwenye kompyuta. Hakikisha pia kebo si ile ya kuchajia simu. Nyingi za aina hiyo hazina nyaya za picha kabisa.

## Nina 60 Hz, nataka 120 au 144

Orodha ya Windows haionyeshi Hz kubwa kabisa.

Orodha hiyo hutokana na taarifa ambazo monita huitumia kompyuta, ziitwazo EDID. Taarifa zikisomwa vibaya, au monita ikitangaza uwezo mdogo kupitia poti unayotumia, Hz hazitaonekana. Chomoa kebo ya picha na ya umeme wa monita, subiri dakika moja, kisha rudisha.

Kisha kagua mambo haya kwenye menyu ya monita. Je, hali ya kuonyesha vyanzo viwili pembeni kwa pembeni imewashwa? Nyingi hushuka hadi 60 Hz katika hali hiyo. Je, Hz za juu kabisa zimefichwa nyuma ya chaguo la kuongeza kasi kupita ile ya kawaida? Je, HDMI ya monita hii ina kikomo cha chini kuliko DisplayPort yake? Jambo la mwisho ni la kawaida mno kwenye monita za michezo.

Upande wa kompyuta, sakinisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Ukiona jina "Microsoft Basic Display Adapter" kwenye orodha ya vifaa, hakuna draiva halisi iliyosakinishwa, na hutapata chochote mpaka uiweke.

Inaonyesha 59.94 Hz badala ya 60. Nirekebishe?

Hapana. Ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ambapo 60 iligawanywa kwa 1.001. Kasi zote mbili ni halali, na jicho lako halitazitenganisha.

Nimepata 120 Hz lakini maandishi yana ukungu na kingo zenye rangi.

Kompyuta imepunguza taarifa za rangi ili picha ienee kwenye njia nyembamba. Katika mpangilio uitwao 4:2:0, pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Kwa filamu huoni kitu, ila maandishi mekundu au ya bluu juu ya rangi nyeusi yanachafuka.

Fungua programu ya kadi ya michoro, tafuta muundo wa rangi, uweke RGB au 4:4:4, ambapo kila pikseli hubaki na rangi yake. Chaguo likikataa, shusha kina cha rangi kutoka biti 10 hadi 8, au punguza Hz. HDR, picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwangaza na rangi, hukumbana na ukuta huohuo: kwenye HDMI 2.0, 4K ya 60 Hz yenye RGB ya biti 10 haienei. Ikibidi kuchagua, kwa kazi ya maandishi ningechukua RGB kamili ya biti 8 na Hz chache zaidi, kwa sababu macho yako yatasoma skrini hiyo kutwa nzima.

Eneo la kazi liko 144 Hz, lakini mchezo unaendeshwa 60.

Mchezo unaochukua skrini nzima unaweza kujichagulia Hz zake. Angalia mipangilio ya picha ndani ya mchezo, kisha kikomo cha fremu, kisha V-Sync, inayofunga fremu za mchezo kwenye Hz. Au tumia hali ya dirisha lisilo na kingo (borderless), ambayo hufuata Hz za eneo la kazi.

## Skrini inazima au inametameta

Nimechagua Hz kubwa, sasa hakuna picha.

Usiguse kitu kwa sekunde 15. Windows hurudisha mpangilio wa zamani usipothibitisha. Ikiwa ulithibitisha, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B ili kuwasha upya draiva ya michoro. Ikishindikana, unganisha skrini nyingine au poti nyingine, au washa kompyuta katika hali salama, kisha ushushe Hz.

Skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi, mara kadhaa kwa siku.

Kwanza tazama swali la kebo hapo juu. Kama kebo ni nzima, zima kwa muda FreeSync, G-Sync au Adaptive-Sync (teknolojia zinazobadilisha Hz kufuata fremu za mchezo), halafu HDR, kimoja baada ya kingine. Sasisha programu ya ndani ya monita ikiwa mtengenezaji ametoa toleo jipya.

Mwangaza unatetemeka ndani ya michezo, hasa kwenye menyu na wakati wa kupakia.

Teknolojia za kasi inayobadilika huifanya monita ifuate fremu za mchezo. Fremu zikipanda na kushuka ghafla, skrini za aina ya VA na OLED zinaweza kubadilika mwangaza kidogo kila muda wa fremu unapobadilika. Si hitilafu ya kebo. Weka kikomo cha fremu ambacho kadi yako inakimudu bila kuyumba. Hiyo ndiyo tiba bora kuliko kuzima kabisa teknolojia hizo.

## Monita mbili, doki na hali za pembeni

Nina monita ya 144 Hz na nyingine ya 60 Hz. Je, ya pili inaivuta chini ya kwanza?

Kila moja inaweza kuwa na Hz zake. Windows 10 za kabla ya toleo la 2004, lililotoka mwaka 2020, zilikuwa na mkwamo halisi video ilipocheza kwenye monita ya polepole. Kwenye matoleo ya baadaye hali hiyo ilirekebishwa kwa kiasi kikubwa.

Nimeunganisha monita kwa mnyororo, ya pili kupitia ya kwanza. Hz zimeshuka.

Zote mbili zinagawana uwezo wa kebo moja. DisplayPort 1.2 haiwezi kubeba mbili za 4K kwenye 60 Hz. Ipe kila monita kebo yake. Kwenye Mac mnyororo wa aina hii hauendi mbali: macOS itakuonyesha picha ileile kwenye zote mbili.

Swichi ya KVM, ile ya kutumia monita na kibodi moja kwa kompyuta mbili, imenirudisha 60 Hz.

KVM nyingi huipa kompyuta EDID yao wenyewe, au zina kikomo chao cha kasi. Thibitisha kwa kuunganisha monita moja kwa moja bila KVM. Ikiwa ndiyo chanzo, tafuta KVM inayotaja Hz na rezolusheni unazotaka, au utumie swichi ya USB pekee na kubadilisha chanzo cha picha kwa menyu ya monita.

Ninatumia Linux na kadi ya AMD, HDMI 2.1 hainipi 4K kwenye 120 Hz.

Mwaka 2024 HDMI Forum ilikataa draiva ya chanzo huria ya AMD kujumuisha HDMI 2.1. Tumia DisplayPort. Ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11, badilisha Hz kupitia mipangilio ya mazingira yako ya kazi, kwa sababu xrandr haiziwezi huko.

Kila kitu ni laini, ila filamu zinarukaruka.

Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde. 60 haigawanyiki kwa 24, kwa hiyo fremu moja hukaa mara mbili na inayofuata mara tatu. Weka 120 Hz, ambapo kila fremu hukaa mara tano sawasawa.

Naunganisha kompyuta ya kazini kwa mbali na picha ni nzito.

Muunganisho wa mbali wa Windows kwa kawaida hutuma hadi fremu 30 kwa sekunde. Monita yako haihusiki.

Lini nikubali kwamba monita yenyewe ni mbovu?

Ukiwa umejaribu kompyuta mbili tofauti, kebo mbili zilizothibitishwa, poti zaidi ya moja, bila adapta, monita ikiwa imerudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na tatizo likabaki lilelile. Piga picha ya ukurasa wa taarifa wa monita na ya "Advanced display", andika toleo la draiva na Hz ambazo tatizo huanzia, kisha peleka vyote pamoja na dai la dhamana. Ukiwa na rekodi hiyo, fundi hana sababu ya kuanza kukuuliza kama umejaribu kubadilisha kebo.